Kitengela, Hewa Safi Pia Ni Haki Yako

Kama unaishi Kitengela huhitaji kuelezwa vumbi ni nini. Unalifuta mezani asubuhi, jioni limerudi. Unaanua nguo zikiwa chafu kuliko ulivyozianika. Mtoto anakohoa wiki ya tatu, unaambiwa ni homa tu. Halafu saa kumi na moja alfajiri uko steji kando ya barabara ya Namanga, malori yanakupulizia moshi usoni huku ukingoja matatu ya Nairobi.

Tumezoea. Na jambo ukishalizoea, huliiti tena dhuluma.

Lakini tuambiane ukweli: hewa hii haikujichafua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa. Malisho ya wafugaji na njia za wanyama wa Mbuga ya Nairobi zikawa vipande, vipande vikawa ploti za hamsini kwa mia. Sensa ya 2019 ilikuta mji wa watu zaidi ya 154,000. Ploti ziliuzwa kwanza. Barabara, mitaro, shule, soko na mahali pa kutupa taka tukaambiwa vitakuja baadaye. Ni nani kati yetu ameviona vyote?

Matokeo yake tunayavuta kila siku. Kazi iko Nairobi, kama kilomita 30, kwa hivyo mji mzima unamiminika kwenye barabara ile ile asubuhi na jioni. Njia za mitaani ni udongo, kila bodaboda inayopita inaacha wingu. Taka zisipochukuliwa zinachomwa, plastiki na yote. Na jirani yetu Athi River kuna viwanda vya saruji. Athi River iko Machakos, sisi tuko Kajiado, lakini upepo haujui mpaka wa kaunti.

Chembe zinazodhuru zaidi huzioni. Zina upana wa mikroni 2.5 au chini ya hapo, nyembamba kuliko unywele mara 20 na zaidi. Zinaingia ndani kabisa ya mapafu na kufika kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kwa sababu ushahidi ulionyesha madhara yanaanza mapema kuliko ilivyodhaniwa. Na anayeumia zaidi ni nani? Si aliyefunga vioo vya gari lake. Ni mama mboga wa kando ya barabara, kijana wa boda, na mtoto anayetembea kwenda shule.

Sasa sikiliza sheria inasema nini. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, na pia usafiri wa kaunti, na pia mipango ya ardhi. Kazi zote tatu ziko mkono mmoja! Kwa hivyo usikubali kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa, ni kweli, na Kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Kajiado na Machakos wakae meza moja.

Kuna watakaosema tunataka viwanda vifungwe na matatu ziondolewe. Hapana. Watu wetu wanakula hapo. Tunachotaka ni hiki: ploti mpya zisiidhinishwe bila barabara na nafasi ya shule na soko, ili mtu asipande gari kwa kila kitu. Shule zisijengwe ubavuni mwa viwanda na maegesho ya malori. Njia za miguu zitengenezwe, maana wengi wetu tunatembea. Steji ziwe nje ya njia ya malori. Magari ya kuunganisha Kitengela na treni ya Athi River yapangwe kwa ratiba. Taka zichukuliwe. Na vipimo vya hewa viwekwe, matokeo yatangazwe kwa wananchi.

Usiseme haiwezekani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, watu wa kawaida kama wewe, walishtaki kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda jirani. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikawarudisha nyuma, hawakukata tamaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao. Chini ya Kifungu cha 70 huhitaji hata kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Huna haja ya kungoja mazishi.

Basi anza na dogo. Kikao cha bajeti kikiitishwa, nenda, usiwaachie wale wale wa kila mwaka. Muulize MCA wako barabara ya mtaa wenu iko ukurasa gani. Andika barua kuomba taarifa, Kifungu cha 35 kinakuruhusu. Kusanyeni sahihi mpeleke ombi kwenye bunge la kaunti.

Maji machafu unaweza kukataa kuyanywa. Hewa huna njia ya kuikataa. Kwa hivyo dai isafishwe.