Sehemu ya 6: Mwanao akitaka kuwa bwana afya, usimcheke

Wazazi wenzangu wa Mbezi Beach, mnataka daktari tu. Eti bwana afya ni mtu wa vyoo! Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka hapahapa Kinondoni, sisi manesi tulikuwa na dripu na ORS. Unamtibu mtu, anapona, anarudi kunywa maji yaleyale ya kisima kilichopakana na shimo la choo. Anayepima maji, kutia klorini na kufungia migahawa michafu ni huyo mnayemdharau. Na zile chemba mnazofungulia mvua ikinyesha (tunawaona), nani atazikagua? Muhimbili wana digrii ya Sayansi ya Afya ya Mazingira. Ajira ngumu, sikufichi. Ila kemia na baiolojia akazane nazo tangu sasa.