Funga Daftari, Kisha Jiulize



Likizo iliyopita paroko alinituma kigangoni kumsaidia katekista kuwaandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Walikuwa watoto 30 na kidogo, na siku ya kwanza walinifurahisha kweli. Katekista alisoma swali, wao wakajibu kwa sauti moja, mpaka mwisho wa sura, bila kukosea hata neno. Jumamosi iliyofuata katekista alikwenda msibani, nikabaki nao peke yangu. Katekisimu nilikuwa nimeisahau nyumbani kwa mapadre, basi nikauliza maswali kama yalivyonijia kichwani. Nilimwuliza binti mmoja Kitubio ni nini. Akanijibu, kwa ufasaha kabisa, maana ya Mpako wa Wagonjwa. Nilipomwambia ajaribu tena aliinamisha kichwa, akaanza kunong'ona majibu tangu swali la kwanza ili ajue amefika wapi.

Sikuweza kumcheka. Muhula uliotangulia nilikuwa nimekaa mbele ya mwalimu kwa mtihani wa mdomo wa falsafa ya kale. Notsi zangu nilizisoma mara tano na kuzipigia mistari kwa kalamu za rangi tatu. Mwalimu akaniuliza kwa nini Sokrates, katika mazungumzo ya Meno, anamhoji yule kijana mtumwa badala ya kumfundisha tu. Niliuona ukurasa akilini, nikauona hata mstari mwekundu, lakini maelezo hayakuja. Rafiki zangu walisema ni woga. Haukuwa woga, sikuwa najua.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo natamani ningelisikia kabla ya mtihani ule. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu. Katika vipindi vitatu vilivyobaki liliandika kila linachokumbuka bila kutazama karatasi. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima walikuwa na 61. Na walipoulizwa mapema kama wangekumbuka vizuri, waliojiamini zaidi ni wale waliosoma tu.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Kila ukirudia ukurasa, unazidi kuuzoea, na kuzoea kunafanana sana na kujua. Kuna watu unakutana nao kila Dominika mlangoni mwa kanisa na sura zao unazitambua mara moja. Siku ukitakiwa kutaja majina yao ndipo unagundua kwamba huyajui. Madesa tunayorithishana mwaka hadi mwaka hutuzoesha sura za maswali. Anayesoma kisha akafunga daftari, akajiuliza, akakwama, akahangaika kidogo ndipo akafungua tena, huyo anajifunza. Kazi hiyo haipendezi. Nimeijaribu muhula huu na mara nyingi nimejiona mjinga zaidi kuliko nilipokuwa napaka rangi.

Sisi wa falsafa hatukupaswa kushangaa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika swali la 11 la De Veritate, anamfananisha mwalimu na tabibu. Tabibu husaidia, lakini anayefanya kazi kubwa ya kupona ni mwili wenyewe. Vivyo hivyo mwalimu hamimini elimu yake ndani ya mwanafunzi; akili ya mwanafunzi ndiyo inayotembea, naye anaisaidia kutembea. Tukilikubali jambo hilo kwenye mtihani, basi tulikubali pia tunapopewa chaki.

Najua nitaambiwa: mbona wazee wetu walikariri na imani yao ikasimama? Ni kweli, na sina ugomvi na kukariri. Bibi yangu ana zaidi ya miaka 80 na katekisimu yake bado anayo kichwani. Lakini yeye hakuishia kuitikia na wenzake darasani. Jioni, baada ya rozari, alituuliza sisi wajukuu mmoja mmoja, leo swali hili, kesho lile, na kabla yetu aliwauliza mama zetu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1885, aliona kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko marudio mengi ya siku moja. Bibi hajawahi kumsikia, na hakumhitaji. Kinachotuharibia ni kuitikia kwa pamoja, maana sauti ya wengi humficha asiyejua, na mfuatano humbeba.

Fimbo nayo haisaidii. Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo jinsi alivyojifunza Kilatini kwa urahisi katikati ya walezi waliocheka na kucheza naye, na jinsi Kigiriki kilivyomchukiza kwa sababu ya vitisho vya shule.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Kwenye usaili wa mwisho mvulana mmoja alishindwa kutaja Amri kwa mpangilio. Akaambiwa asubiri mwakani. Mama yake alikuwa ameshashona nguo nyeupe. Mimi nilikuwa nimemwuliza wiki moja kabla kwamba padre akishamaliza maneno ya mageuzo, pale altareni pana nini. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema: "Si Yesu mwenyewe, Frateri? Ila bado anaonekana mkate." Kanuni ya 913 ya Sheria ya Kanisa inadai mtoto aelewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake, na aweze kumpokea Bwana kwa imani na ibada. Sioni mahali inapodai mpangilio.

Naomba basi, kwa heshima, usaili wa watoto uanzie popote, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa maneno yake, hata kwa lugha ya nyumbani. Makatekista watenge dakika kumi za kila kipindi kuuliza mambo ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, mtoto mmoja mmoja, bila alama na bila kiboko. Walimu wetu seminarini wanaweza kufanya hivyohivyo, na najua baadhi yetu tutanung'unika.

Likizo ijayo narudi kigango kilekile. Yule mvulana bado yumo darasani, na nasikia nguo imeanza kumbana.