Treni ya mafuta ikipita Arumeru, nani anajua imebeba nini?

Tangu treni ya abiria irudi Arusha Oktoba 2020, baada ya kimya cha zaidi ya miaka 30, mazungumzo yetu yamekuwa nauli na ratiba. Mzigo hatuuongelei sana. Reli hii inapanda kutoka pwani ya Tanga hadi karibu mita 1,400 hapa mjini, na bandari ya Tanga ndiyo inashusha mafuta ya mikoa ya kaskazini. Mengi tunayaona kwenye malori, lakini treni moja ya matanki inabeba mzigo wa malori mengi kwa mpigo.

Penye mlima, jambo la kwanza ni breki. Juni 24, 2002, pale Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikagonga treni ya mizigo. Walifariki zaidi ya watu 280. Julai 2013 huko Lac-Mégantic, Kanada, treni ya mafuta ghafi iliachwa usiku kwenye mteremko bila mtu. Injini ikazimwa, upepo wa breki ukavuja, na breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Ikaserereka hadi katikati ya mji, watu 47 wakafa. Baada ya hapo Kanada ilikataza treni ya mzigo hatari kuendeshwa na mtu mmoja, au kuachwa bila mtu kwenye njia kuu.

Kwetu mwendeshaji ni TRC na msimamizi wa usalama ni LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Ukaguzi wa breki na matanki ni kazi yao. Tunachodai sisi ni taarifa: mwenyekiti wa kijiji ambacho reli inapita aelezwe ni mizigo gani hatari hupita, na ampigie nani. Kanuni iliyofungiwa ofisini haimsaidii mfugaji anayevusha ng'ombe kule Usa River.

Maana tunajua kinachotokea mafuta yakimwagika. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka, watu wakaenda na madumu, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unafika kwenye jiko la mama lishe au bodaboda inayounguruma, na moto unarudi ulikotoka.

Kwa hiyo behewa likianguka, usilisogelee hata kwa kupiga picha. Kaa upande upepo unakotoka, wahi kuzima majiko na pikipiki zilizo jirani. Ukiweza kusoma ukiwa mbali, tafuta kibao cha rangi ya chungwa: namba ya chini inataja mzigo. 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1005 amonia, gesi inayounguza macho na mapafu. Piga Zimamoto 114 au Polisi 112, taja namba hiyo na jina la kijiji.