Mjadala wa waimbaji bora: muongo usigeuke mwongo

Wanafunzi wa shule na vyuo vyetu hupenda kubishana, na hilo si kosa. Ubishi uliopangwa vizuri ni darasa ndani ya darasa. Hata hivyo, yapo mabishano yanayowafunza vijana mengi kuhusu watu wa mbali na machache mno kuhusu jirani zao. Mojawapo ni lile la kuwataja waimbaji bora wa kike wa Uingereza katika muongo fulani. Mmoja atasimama na Amy Winehouse, aitaje albamu yake Back to Black ya mwaka 2006 na tuzo 5 za Grammy alizopata Februari 2008. Wa pili atamjibu kwa Adele, na wa tatu atamleta Dido au Leona Lewis. Hoja zitatolewa kwa tarehe na tarakimu. Lakini waulize vijana hao hao wakutajie waimbaji watatu wa kike waliotia fora nchini mwetu katika miaka iyo hiyo. Ama watanyamaza, ama kila mmoja atataja majina ya lugha moja tu: ile inayosemwa nyumbani kwao.

Sisemi kwamba Waingereza wasijadiliwe. La hasha. Yafaa tujiulize kwa nini mjadala wao ni mwepesi kuuendesha. Jibu ni kwamba wana daftari. Gazeti la New Musical Express lilianza kuchapisha orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi Novemba 1952, na tuzo za BRIT zikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Hata swali la iwapo wanawake watengewe tuzo yao wamelijadili hadharani. Mwaka 2022 BRIT waliunganisha tuzo ya msanii bora wa kiume na ya kike kuwa moja, na Adele akawa wa kwanza kuitwaa. Mwaka uliofuata, wote walioteuliwa kuwania tuzo hiyo walikuwa wanaume. Anayedhani kwamba kumtaja mwanamke peke yake ni kumdunisha, na aufikirie mfano huo.

Sasa na turudi kwetu. Kwa ajili ya mjadala, tuchukue muongo wa utawala wa Rais Mwai Kibaki, kuanzia Desemba 2002 hadi Aprili 2013. Nani alikuwa mwimbaji bora wa kike nchini Kenya?

Iwapo kipimo ni tuzo, jibu li tayari. Wahu alishinda tuzo ya msanii bora wa kike katika tuzo za MTV za muziki wa Afrika mwaka 2008, na Amani akaipokea mwaka uliofuata. Iwapo kipimo ni kulitumikia Kiswahili, Nyota Ndogo wa Voi hawezi kuachwa nje, kwa kuwa wimbo wake Watu na Viatu uliimbwa na watoto na watu wazima. Iwapo ni ujasiri wa kushika ala ambayo kwa desturi ilikuwa mikononi mwa wanaume, yupo Suzzana Owiyo na nyatiti yake, ambaye sifa zake zilianza kuenea mwaka 2001 alipoimba wimbo wa kuadhimisha miaka 100 ya mji wa Kisumu. Na iwapo kipimo ni kuyasema mambo ya ndoa na maisha kwa lugha ya mama, wasikilizaji wa Kikuyu hawatakubali Queen Jane, aliyefariki mwaka 2010, asahauliwe.

Msomaji ameona tatizo lilipo. Neno "bora" ni kivumishi kidogo chenye mzigo mkubwa. Halina maana mpaka tuseme ubora wa nini, na kwa masikio ya nani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni methali nzuri, lakini katika muziki wetu imegeuka kuwa ukuta: kila mmoja hutunzwa kwao, na kwao tu.

Hapa Nakuru ukuta huo unaonekana wazi kuliko pengi nchini. Mji huu, uliotangazwa kuwa jiji Desemba 2021, ni njia panda ya lugha. Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo, Kiluhya, Kikisii, Kikamba na Kiswahili hukutana sokoni na katika matatu. Stesheni za redio za lugha za mama, zilizoongezeka sana katika muongo huo tunaoujadili, zimempa kila msikilizaji nyimbo za kwao kutwa nzima. Hilo ni jambo jema kwa lugha zenyewe, nami kama mwanaisimu sitalipinga kamwe. Lakini tukumbuke pia yaliyotokea. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Nakuru, Naivasha na Molo ni miongoni mwa mahali palipoumia sana. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotolewa Oktoba 2008, ilieleza jinsi baadhi ya stesheni za lugha za mama zilivyolaumiwa kwa kuchochea chuki. Lugha haikuua mtu. Lakini jirani ambaye hujawahi kuusikiliza wimbo wake ni rahisi kuamini lolote unaloambiwa juu yake.

Kwa sababu hiyo napendekeza kipimo kingine: mwimbaji bora wa muongo ule ni yule aliyewafanya watu wasioijua lugha yake wauimbe wimbo wake. Kwa kipimo hicho, kura yangu namwekea Emmy Kosgei. Wimbo wake Taunet Nelel, maana yake "mwanzo mpya", umo katika Kikalenjin. Miaka michache tu baada ya machafuko, uliimbwa makanisani na harusini na watu wasioweza kusalimiana kwa Kikalenjin. Ni nadra lugha yetu moja ya Bonde la Ufa kupokewa hivyo na jirani zake bila mkalimani.

Najua nitapingwa. Wapo watakaosema kwamba wimbo wa dini hupata njia ya mkato, kwa kuwa kanisa tayari limewakusanya watu wa makabila yote. Wengine watasema kipimo changu kinamwonea Nyota Ndogo, kwani aliyeimba kwa Kiswahili amekwisha kuvuka mpaka kabla hajafungua kinywa. Hoja hizi zote zina uzito, nami ningefurahi kuzisikia zikitolewa darasani, mradi anayezitoa awe amezisikiliza nyimbo zenyewe.

Ipo pia hatari ya pili, nayo ni ya kusahau. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Ulimi wa Kikipsigis ulilifinyanga upya: J ikawa CH, na jina la mwanamume wa ng'ambo likaanza kwa "Che", mwanzo ambao mara nyingi huonyesha jina la kike kwa Wakalenjin. Wimbo huo umesikilizwa duniani kote, na katika miaka ya 2010 nakala zake zilirejeshwa kwa wenyewe. Lakini kiongozi wa wasichana hao, Chemutoi Ketienya, ni wanafunzi wangapi wa Kericho au Nakuru wanaolijua jina lake?

Mlinganishe na Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Siti tunamjua kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake, na kitabu hicho kikaingia mikononi mwa walimu. Wote wawili walikuwa na sauti. Mmoja alipata mwandishi, mwingine hakupata. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu mambo matatu. Kwanza, mjadala wa waimbaji uwe na kanuni: kila mwanafunzi amtetee mwimbaji anayeimba kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake, na aweze kueleza wimbo mmoja unasema nini. Atalazimika kumwendea mwenzake amfasirie, na hapo nusu ya somo itakuwa imekwisha kufundishwa. Pili, kabla ya kumtaja aliye bora, darasa likubaliane juu ya kipimo. Tatu, wanafunzi watumwe kwa mama na nyanya zao kuuliza ni wanawake gani walioimba katika ujana wao, waandike majina, mahali na miaka, na daftari hilo lihifadhiwe katika maktaba ya shule. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na kazi kama hii ndiyo inayostahili kuujaza.

Katika Kiswahili, herufi moja tu hutenganisha muongo, yaani miaka kumi, na mwongo, yaani asemaye uongo. Muongo unaokumbukwa kwa lugha moja, au usioandikwa kabisa, hauko mbali na kuwa mwongo. Vijana wetu na waendelee kubishana juu ya Adele na Winehouse wapendavyo, lakini wawe na majina mengine ya kuweka mezani, na angalau moja liwe la jirani.