Kamera Moja, Kazi Mbili

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii hukaririwa sana panapozuka suala la kununua kamera. Wako wanaoshikilia kuwa kamera ya mchana ni ya mchana tu, na atakaye kupiga picha za nyota hana budi kutafuta ya pili. Nionavyo mimi, rai hii haina mashiko. Isitoshe, kwa mwanafunzi wa Kiswahili ina madhara. Mtafiti wa fasihi simulizi aendaye Lamu kumhoji nahodha mkongwe wa jahazi huhitaji picha za aina mbili: uso wa mzee anaposimulia alasiri, na nyota anazozionyesha na kuzitaja usiku. Jina likiandikwa daftarini bila picha ya nyota yenyewe, msomaji wa kesho atajuaje ni nyota ipi iliyokusudiwa? Mzee akishafariki, hakuna tena wa kuulizwa.

Ni kweli kwamba kamera maalumu za anga zimewahi kutengenezwa. Canon ilitoa EOS 20Da mwaka 2005 na EOS 60Da mwaka 2012, nayo Nikon ikatoa D810A mwaka 2015. Tofauti yake kuu na kamera nyingine ni kichujio kilicho mbele ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Kichujio cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa nanomita 656 unaotolewa na mawingu ya haidrojeni angani. Kamera maalumu huuruhusu upite. Hata hivyo, wekundu huohuo hujipenyeza katika picha za mchana na kuzibadilisha rangi nyuso za watu. Hapo methali yetu inasadifu.

Lakini je, anga lote ni haidrojeni? Hasha! Chukua Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake latukumbusha kulima, kwani wakulima walilitazama ili kujua majira. Nyota zake ni za buluu, na vumbi linalozizunguka huakisi mwanga wa buluu. Kamera ya kawaida huunasa mwanga huo bila taabu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwezi, sayari na ule mkanda mweupe wa nyota ukatizao anga letu usiku wa kiangazi. Kwa hivyo anayetaka nyota zilizopewa majina na Waswahili hahitaji kamera maalumu.

Basi achague nini? Kwanza, asihadaiwe na wingi wa megapikseli anaosifiwa na muuzaji. Aulize ukubwa wa kihisi. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24. Kile kidogo cha kamera nyingi za bei nafuu kina takriban milimita 24 kwa 16. Kihisi kamili kina eneo zaidi ya mara mbili ya hicho kidogo, lakini kidogo nacho chatosha kwa mwenye mfuko mwepesi. Pili, kamera imruhusu kupanga mambo kwa mkono wake, kuacha shata wazi hadi sekunde 30, na kuhifadhi faili ghafi. Tatu, lenzi zake ziwe za kubadilishwa.

Fedha zinazosalia, nashauri ziingie katika lenzi pana na stendi imara ya miguu mitatu. Tundu la f/2.8 huingiza mwanga mara 4 ya tundu la f/5.6, na lenzi hiyohiyo itafaa ukumbini wakati wa maigizo na mahafali. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hivyo shata ikikaa wazi mno, nyota huwa michirizi. Kanuni nyepesi ni kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya milimita 20 juu ya kihisi kamili, tutapata sekunde 25. Juu ya kihisi kidogo, takriban sekunde 17.

Yamkini msomaji atauliza: simu je? Mwaka 2019 simu ya Google Pixel 4 ilikuja na uwezo wa kupiga picha za nyota kwa kuunganisha picha nyingi za sekunde chache chache. Hilo ni jambo la kupongezwa, na asiye na kamera aanze na simu yake. Ila kihisi cha simu ni kidogo mno, wala lenzi yake haibadilishwi. Kwa kazi ya utafiti itakayohifadhiwa miaka mingi, kamera ingali mbele.

Pendekezo langu ni kwamba chama cha wanafunzi kinunue kamera moja ya kawaida, hata kama ni ya mtumba, yenye lenzi moja nzuri, iazimwe kwa zamu na wote waendao nyanjani. Kila picha ya nyota iandikiwe jina lake la Kiswahili, mahali, tarehe na jina la aliyelitamka, kwa idhini yake. Shime basi, wanafunzi na wahadhiri! Tuzinase nyota hizi wangali hai wanaozijua kwa majina.