Kiwanja cha Kuazima na Ndoo Mia Moja za Maji



Ndugu msomaji, barua tunayoijibu wiki hii imeandikwa na mama mmoja wa Chamazi, Dar es Salaam. Anaeleza kwamba jirani yake, anayeishi mkoani na ambaye hajajenga kiwanja chake, amemruhusu akitumie kulima mboga mpaka hapo atakapokuwa tayari kujenga. Kiwanja kina mita 20 kwa 20. Mumewe ameridhia kutoa shilingi 150,000 za kuanzia. Mwenyewe hajashika jembe tangu alipokuwa shule ya msingi, na nyumbani kwao hakuna maji ya bomba ya uhakika; hununua kwa ndoo katika kisima cha mtaani. Anauliza: je, apande nyanya kiwanja chote, au achanganye nyanya na hoho?

Dada yangu, swali lako ni zuri lakini limetangulia mahali pake. Kabla ya kuuliza utapanda nini, jiulize utamwagilia kiasi gani. Katika jua la pwani, mvua zikishakatika, mboga huhitaji takriban lita 5 za maji kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Kiwanja ulichopewa kina mita za mraba 400. Zidisha mwenyewe: ni lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20, kila siku inayopambazuka, ikiwamo siku ya homa, siku ya msiba na siku ya Idi. Ziweke ndoo hizo katika bei ya mtaani kwenu, kisha uitazame tena ile 150,000.

Sasa chukua tuta moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Hilo linataka lita 15, hata ndoo moja haijajaa. Matuta manne yatataka ndoo tatu. Ndoo tatu mtu huzibeba asubuhi kabla ya watoto kwenda shule, na akipata udhuru, mtoto mkubwa au baba mwenye nyumba anaweza kumshikia zamu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: lima matuta manne katika kona iliyo karibu zaidi na nyumba yako, na sehemu iliyobaki ya kiwanja iache ilivyo, ukiifyeka tu ili isiwe maficho ya nyoka. Najua ushauri huu utaonekana wa unyonge mbele ya ardhi yote hiyo. Lakini bustani nyingi za waanzaji hazifi kwa wadudu wala kwa ubaya wa udongo. Hufa katika wiki ya tatu, pale magugu yanapoota kote kwa pamoja na mgongo ukawa mmoja.

Maji unaweza kuyapunguza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutandaza nyasi kavu au majani ya migomba juu ya udongo katikati ya miche, ili jua lisiunyonye unyevu. Ya pili ni kukinga beseni mnapotawadha. Maji hayo, yanayomwagika bure mara tano kwa siku, yatafaa sana kwa tuta la karibu na mlango. Maji ya kufulia yenye sabuni kali usiyamwage kwenye mboga.

Jambo la pili, ambalo barua yako imelipita kwa haraka, ni hiyo ruhusa ya jirani. Kwa lugha ya fiqhi umepewa ariya: umeazimwa kitu ukitumie kisha ukirudishe kwa mwenyewe. Ni jambo la heri, na ugomvi mwingi hutokana na heri ambazo hazikufafanuliwa. Mpigie simu jirani kabla ya jembe la kwanza, na mkubaliane mambo matatu: atakupa taarifa ya muda gani siku akitaka kujenga, mazao yatakayokuwa shambani siku hiyo yatasubiriwa mpaka yavunwe au la, na kama anatarajia chochote katika mavuno. Yaandikeni kwenye karatasi moja, mbele ya mjumbe au mashahidi wawili. Asionekane mtu kuwa hamwamini mwenzake. Karatasi hiyo itawafaa zaidi watoto wenu na watoto wake, ambao hawakuwapo mlipozungumza.

Na tafadhali usipande humo mti wa kudumu. Si mpapai, si mgomba, sembuse mnazi au mwembe. Katika pwani yetu, tangu zamani, ardhi huweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyomo ikawa ya mwingine, na aliyeazimwa ardhi huruhusiwa mazao ya msimu lakini si miti, kwa sababu mti ni ushahidi wa umiliki. Mpapai mmoja uliooteshwa kwa nia njema unaweza kumfanya mwenye kiwanja alale macho huko mkoani. Hata kisamvu, ambacho hukaa shambani muda mrefu, kipande kwenye uwanja wako mwenyewe.

Baada ya hapo, utazame mahali penyewe. Mboga zinataka jua la saa sita kwa siku au zaidi, basi kaa mbali na kivuli cha mwembe. Kaa mbali pia na shimo la choo na mfereji wa maji machafu, hata kama hapo majani yanaota kwa ukijani wa kupendeza. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi hapa Dar es Salaam. Ndani ya majani yake mlipatikana madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. Madini hayo hayatoki kwa kuosha mboga wala kwa kuichemsha, na wanaodhurika zaidi ni watoto.

Udongo wa sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni kichanga. Hulimika kwa urahisi, lakini maji hupita kama kwenye chujio na rutuba huondoka nayo. Dawa yake ni samadi. Lima tuta kwa kina cha jembe, toa mizizi na chupa, kisha changanya debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba. Samadi iwe imeiva: haina joto ukitia mkono, haina harufu kali, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa jani na lipi kinyesi. Mbolea mbichi ya kuku, ambayo wauzaji wengi wataisifu kwa nguvu zake, huunguza miche. Ilundike, iloweshe, ifunike, na uipindue mara kwa mara kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuitumia. Upana wa mita 1 niliokutajia una sababu yake: ukichuchumaa upande wowote, mkono wako utafika katikati bila ya kuukanyaga udongo. Wakati wa mvua kubwa tuta huinuliwa ili maji yasituame. Kiangazi hufanywa kinyume chake, huzamishwa kidogo ili yasikimbie. Wakati mzuri kuliko wote wa kuanzia ni pale masika yanapoelekea ukingoni na kipupwe kinapoingia. Udongo bado una unyevu, na jua halijawa kali.

Sasa tuje kwenye mimea. Tuta la kwanza liwe la mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwenye mistari, vinginevyo zitaota kama nywele. Funika kwa udongo mwembamba na umwagilie kwa upole. Huhitaji kununua keni. Dumu la lita 5 lililotobolewa tundu ndogo kwenye mfuniko linatosha. Katika wiki tatu hadi nne utakula. Anza kwa kung'oa ile iliyobanana, na iliyobaki uikate juu ili ichipue tena. Wiki mbili baada ya kupanda nusu ya kwanza ya tuta, panda nusu ya pili, ama sivyo utakuwa na mchicha wa kugawa mtaa mzima wiki moja, na wiki inayofuata utarudi sokoni.

Tuta la pili ni la matembele. Hayo huna haja ya kuyanunulia mbegu. Omba kwa jirani vipande vya shina vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, vifukie zaidi ya nusu, vimwagilie kila siku mpaka vishike. Ukivuna machipukizi bila ya kung'oa shina, tuta litakulisha kwa miezi. La tatu ni kunde. Majani machanga huliwa mapema, punje baadaye, na mizizi yake huuachia udongo rutuba. La nne ni bamia. Loweka mbegu usiku mmoja, zipande moja kwa moja mahali pake, shina na shina sentimita 30, mstari na mstari sentimita 60. Zikianza kuzaa, karibu miezi miwili tangu kupandwa, zichume kila baada ya siku mbili. Ukichelewa huwa kamba, na mti huacha kuzaa.

Na nyanya? Subiri msimu wa pili. Nyanya huanzia kwenye kitalu chenye kivuli, huhamishwa baada ya wiki nne au tano, huhitaji vijiti vya kuegemea, na maadui zake ni wengi: ukungu wakati wa mvua, mnyauko usio na tiba, na kanitangaze, yule mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda. Wenye uzoefu hupata hasara kwake. Siku utakapozipanda, kumbuka kuwa nyanya, hoho, biringanya na nyanya chungu ni ukoo mmoja na huambukizana maradhi yaleyale yanayojificha udongoni. Shauri lako la kuchanganya nyanya na hoho lingewapa wadudu na magonjwa meza mbili badala ya moja.

Kwa wadudu wadogo wanaonyonya majani ya kunde na bamia, jaribu kwanza maji ya sabuni nyepesi, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa. Dawa za dukani usizitumie kwa mchicha. Kila kibandiko cha dawa hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na mboga inayoliwa ikiwa na wiki tatu haina siku za kutosha kusubiri. Kuku wa jirani ni adui mkubwa kuliko wadudu wote hao, na wao hawahusiki na karatasi mliyoandikiana. Zungushia wavu chakavu wa kuvulia samaki au matawi ya miiba.

Mbegu za mchicha na bamia nunua katika duka la pembejeo, pakiti iwe imefungwa, ina tarehe, na ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukikwama, kata yako inapaswa kuwa na afisa ugani. Ulizia ofisi ya mtendaji. Jembe, reki, samadi na mbegu hazitaimaliza 150,000. Kinachobaki kiweke kwa ajili ya maji ya miezi mitatu ijayo, na mumeo umwonyeshe hesabu hiyo kabla hujalima.