Zoezi Lisilo na Jina
Ndugu mwandishi, nimeisoma makala yako kwa utulivu hapa mtaani Buyenzi, na kilichonishughulisha si takwimu ile ya mwaka 2016, isemayo kuwa takriban wasichana 85 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17, miongoni mwa wanafunzi duniani, hawatimizi dakika 60 za mazoezi kwa siku, bali ni namna ya kuuliza; kwani binti yangu, alipoulizwa ni siku ngapi kati ya 7 alizoushughulisha mwili kiasi hicho, alijibu “hakuna”, ilhali alfajiri ile ile alikwisha kujitwika dumu la lita 20, na adhuhuri akatwanga sombe, yaani majani ya muhogo, hadi jasho likamtiririka. Kwake zoezi ni mpira, na mpira ni wa kaka zake. Na dakika hizo angezihesabuje, nasi nyumbani twahesabu wakati kwa adhana?